Ubao wa raketi ya mpira wa meza: kasi inatoka wapi, na hisia inakwambia nini

Msomaji mmoja ameniandikia, nami nafupisha barua yake. Anacheza mpira wa meza kwa mwaka wa nne sasa, mara tatu kwa wiki. Ubao wake ni wa tabaka 5 za mti mtupu, daraja la ALL+ (la mchezo wa kila namna, si wa kasi sana), na raba zake, yaani karatasi za mpira zinazobandikwa juu ya ubao, zina sponji ya milimita 2.0 pande zote mbili. Mchezo wake ni topspini (mapigo yanayouzungusha mpira kwenda mbele) za fohendi na bekihendi, karibu na meza. Wenzake wanamwambia ubao huo umeshamfikisha mwisho wake, ahamie ubao wenye nyuzi za kaboni. Akaazima raketi ya mmoja wao. Mpira ukawa unakwenda kasi mno, lakini anasema mkononi "hakusikia kitu", na sevisi nyingi alizopokea zilirudi ndefu au zikatoka nje kabisa. Sasa anauliza: namba za kasi na hisia zinazoandikwa kwenye mbao zina maana gani, na mtu atajuaje ubao unaomfaa?

Jibu fupi nalitanguliza ili lisipotee njiani. Chagua ubao kwa kuangalia mapigo yako ya nguvu ya kati na ya mguso mwepesi, usiuchague kwa lile pigo kali kuliko yote unaloweza kupiga. Pigo kali huja mara chache, na likija, karibu ubao wowote wa kisasa wa kushambulia utakupa kasi ya kutosha. Pointi nyingi zinaamuliwa kabla ya hapo: kwenye kupokea sevisi, kusukuma mpira mfupi, topspini ya kwanza dhidi ya bekispini (mpira unaozunguka kinyumenyume), na bloki (kuuzuia mpira wa kasi kwa mguso mfupi). Ila ushauri huo peke yake hautakufikisha mbali kama hujui kinachotokea ndani ya ubao, kwa hiyo hapo nitakaa kwa muda.

Ubao hautengenezi nguvu. Nguvu inatoka miguuni, kiunoni, begani na kwenye mkono wako. Kazi ya ubao ni kuipokea na kuifikisha kwenye mpira. Mpira una gramu 2.7 tu, na hugusana na raketi kwa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika muda huo raba inabonyea, ubao unapinda kidogo, kisha vinarudi. Sehemu ya nguvu inaondoka na mpira. Sehemu inapotea kama joto ndani ya raba. Sehemu nyingine inabaki kwenye ubao na kuendelea kuutikisa hata mpira ukiwa umeshaondoka, na mtikisiko huo ndio unaopita kwenye mpini hadi kiganjani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kile tunachokiita hisia ni nguvu ambayo mpira haukuondoka nayo.

Ukilishika hilo, mengi yanafunguka. Kasi na hisia huandikwa kwenye kasha kama vitu viwili vilivyokaa kwenye mizani tofauti, lakini vina chanzo kimoja. Ubao uliokakamaa hupinda kidogo na kutikisika kidogo, mpira unaondoka na fungu kubwa zaidi la nguvu, na mkono unabaki na habari chache. Ulipoazima ile kaboni ukasema hukusikia kitu, ulikuwa unaeleza tukio lile lile lililotoa mipira yako nje ya meza.

Sasa, nini kinaufanya ubao ukakamae? Kitu cha kwanza ni unene, na watu wengi wanaudharau. Ukakamavu hukua kwa kipeo cha tatu cha unene. Chukua mbao mbili za mti uleule na mpangilio uleule, moja ya milimita 5.5 na nyingine ya 6.0. Nusu milimita hiyo, ambayo jicho halioni vizuri, inaongeza ukakamavu kwa karibu asilimia 30. Kwa hiyo unapolinganisha mbao, tafuta unene kabla ya kuangalia namba ya kasi. Unene mtu anaweza kuupima kwa kalipa. Kasi iliyoandikwa kwenye kasha hawezi.

Kitu cha pili ni mahali tabaka lilipokaa. Ubao unapopinda, uso mmoja unavutwa na uso wa pili unabanwa, huku katikati kabisa kukiwa hakuna kinachovutwa wala kubanwa kwa kiasi cha maana. Tabaka za nje ndizo zinazobeba kazi karibu yote ya kuuzuia ubao usipinde. Ukiweka nyuzi za kaboni mara tu chini ya tabaka la juu, umeziweka pale zinapofanya kazi kwa nguvu zote. Ukizichukua nyuzi hizohizo ukazibandika jirani na kiini, kazi yao inapungua, kwa sababu ziko karibu na eneo tulivu. Mfano ulio wazi ni Viscaria ya mtengenezaji Butterfly, ubao alioshikilia Zhang Jike wa China alipotwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 2012. Nje ni mti wa koto, kisha nyuzi za arileti (aina ya nyuzi za kiwandani) na kaboni, kisha mti wa limba, na kiini cha mti wa kiri. Hurricane Long 5 ya mtengenezaji DHS, unaohusishwa na bingwa Ma Long, una nyuzi za aina hiyohiyo, ila zimekaa karibu na kiini. Mtu akisema zote mbili ni "kaboni", hajasema uongo, lakini hajakusaidia. Mkononi ni mbao mbili tofauti kabisa.

Hata neno "ubao wa kaboni" linatia watu hofu, au tamaa, isiyo na msingi. Sheria za ITTF, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, zinataka angalau asilimia 85 ya unene wa ubao iwe mti wa asili. Tabaka la nyuzi haliruhusiwi kuzidi asilimia 7.5 ya unene wote au milimita 0.35, kutegemea kipi ni kidogo. Unacheza na mti, umeimarishwa kwa utando mwembamba. Utando wenyewe nao una tabia zake. Kaboni tupu hukakamaza na kufanya mguso uwe mkavu. Ikifumwa pamoja na arileti, ambayo humeza mtikisiko, ubao unabaki na kasi lakini ule ukali wa mguso unapungua. Nyuzi za kioo ni pole zaidi. Kwa hiyo swali la "kaboni au mti?" halijakamilika bila maswali mengine mawili: nyuzi gani, na ziko wapi.

Kitu cha tatu ni mti wa tabaka la juu, na hapa ndipo hisia inapata sura yake. Ukakamavu ni jinsi ubao mzima unavyokataa kupinda. Ugumu wa uso ni jinsi mti unavyokataa kubonyea pale mpira ulipogusa. Ni mambo mawili, na yanaweza kwenda pande tofauti. Limba ni ya kadiri, ina mguso ulio wazi, na inapendwa na watu wa topspini kwa sababu mpira unaonekana kuzama kidogo kabla ya kutoka. Koto ni ngumu zaidi; mpira hutoka mapema, mkali, na njia yake iko chini. Hinoki, mti wa Japani, ni laini na mwepesi.

Na hinoki ndiyo inayovunja imani iliyoenea sana kwamba ubao laini ni ubao wa polepole. Raketi za jadi za mshiko wa kalamu za Japani na Korea hutengenezwa kwa kipande kimoja tu cha hinoki, bila tabaka, chenye unene wa milimita 9 hadi 10. Mti laini, lakini unene huo unaukakamaza mno. Ryu Seung-min wa Korea Kusini alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya 2004 kwa raketi ya namna hiyo, na yeyote aliyeziona fohendi zake hawezi kusema zilikuwa za polepole. Mguso wake ni laini, pigo lake ni kali. Vyote viwili katika ubao mmoja.

Kwa hiyo "hisia" ukiichambua, inajigawa. Kuna ugumu wa mguso wa kwanza, unaotoka kwenye tabaka la juu na raba. Kuna kiasi cha mtikisiko kinachofika mkononi na muda kinaochukua kutulia. Halafu kuna sauti, na sauti ni mdanganyifu mkubwa. Ubao unaolia kwa sauti ya juu na kali huaminika kuwa na kasi, hata kama mpira unatua palepale. Nimeona wachezaji wazuri wakiapa kwamba ubao fulani ni wa kasi zaidi, kisha wakiwekewa vizibo masikioni wanaanza kusita. Jaribu mwenyewe siku utakapolinganisha mbao: cheza dakika chache masikio yakiwa yamezibwa. Utashangaa ni kiasi gani cha maoni yako kilikuwa kinatoka sikioni.

Sauti hata hivyo ina matumizi mazuri ukiichukulia kama kipimo. Shika mpini kwa vidole, bila kuubana, ubao ukiwa mtupu bila raba, uugonge katikati kwa mpira karibu na simu yenye programu ya kusoma masafa ya sauti. Ubao uliokakamaa na mwepesi hutoa masafa ya juu. Ulio legelege au mzito hutoa ya chini. Mbao nyingi za mti mtupu za tabaka 5 huangukia kati ya hertz 1,100 na 1,300 hivi, na zenye kaboni ya nje mara nyingi hupita hapo. Kipimo hiki hakikwambii habari za ugumu wa uso, lakini kwa kulinganisha ukakamavu wa mbao mbili nakiamini kuliko namba yoyote ya kwenye kasha.

Namba hizo za kwenye kasha sasa. Hakuna kipimo cha kimataifa cha kasi ya ubao. Raba lazima iwe kwenye orodha ya ITTF ndipo itumike kwenye mashindano; ubao hauhitaji idhini ya namna hiyo, mradi utimize sheria. Wala hakuna mtu anayemkagua mtengenezaji anapoandika kwamba ubao wake una kasi 92 kati ya 100. Butterfly hutoa namba mbili, moja ya mwitikio wa mpira na nyingine ya mtikisiko, na huo ni utaratibu wa maana kwa sababu angalau unatenganisha mambo. Wengine wanaandika kasi na udhibiti, na ukiangalia kwa makini utaona udhibiti ni kasi iliyogeuzwa tu: moja ikipanda, nyingine inashuka. Tumia namba kwa jambo moja, kupanga mbao za mtengenezaji mmoja kutoka ya polepole hadi ya kasi. Usizivushe kwenda kwa mtengenezaji mwingine. Herufi za DEF (ulinzi), ALL (kila namna) na OFF (ushambulizi) nazo ni vivyo hivyo. OFF- ya mmoja inaweza kuwa na kasi kuliko OFF ya mwingine.

Tena mti ni mti. Mbao mbili za jina moja, zilizotoka kiwandani wiki moja, zinaweza kupishana gramu kadhaa, na ile nzito kwa kawaida imekakamaa zaidi na ina kasi zaidi. Ukijaribu ubao wa rafiki wenye gramu 84 ukaupenda, kisha ukanunua wako ukaja na gramu 93, usishangae ukiona si ule. Ukiweza kumwomba muuzaji apime kabla ya kulipa, omba.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo naliona ndilo muhimu kuliko yote, na ambalo hakuna kasha linaloliandika. Kasi ya ubao si namba moja. Inabadilika kadiri nguvu ya pigo inavyobadilika, na kila ubao una namna yake ya kupanda.

Ukigusa mpira kwa upole, mpira haubonyezi sponji sana. Wanaofanya kazi hapo ni raba na tabaka la juu la mti. Kiini na nyuzi zilizo ndani hazijaamshwa. Ukipiga kwa nguvu, mpira unaibana sponji hadi unakaribia mti, ubao mzima unapinda, na hapo kiini na nyuzi zinaingia kazini. Ndiyo maana ubao wenye nyuzi karibu na kiini unaweza kuwa mpole kama mti mtupu kwenye mpira mfupi juu ya neti, kisha ukakupa kasi ya kweli ukizungusha kiuno. Ubao wenye kaboni ya nje na koto juu yake una kasi kuanzia chini: mguso mdogo tu, mpira umeshaondoka. Mti mtupu wa tabaka 5 hupanda polepole na kwa utaratibu, na kwenye mapigo makali sana unaanza kuhisi umefika kikomo, kwamba unaongeza nguvu na mpira hauongezi kasi kwa kiwango kile.

Sisemi kaboni ya nje ni mbaya. Ina faida mbili za kweli. Eneo la uso linalotoa mpira mzuri ni pana zaidi, kwa hiyo ukikosea kidogo mahali pa kugusa, mpira hauporomoki. Na bloki yake ni thabiti: mpira wa adui ukija na nguvu, ubao hauyumbi. Mtu mwenye swingi fupi, anayecheza amebanana na meza na kurudisha mapema, anaweza kufaidika nayo sana. Gharama yake inalipwa kwenye mipira mifupi na kwenye topspini ya kwanza dhidi ya bekispini nzito. Hapo ubao uliokakamaa hutoa mpira ukiwa chini zaidi na mrefu zaidi, na nafasi kati ya mpira na neti inapungua. Mwenye mkono uliokomaa anaongeza msuguano, anafungua pembe ya raketi kidogo, maisha yanaendelea. Ambaye bado anajenga topspini yake anaanza kuupunguza mwendo wa mkono kwa woga wa kutoa nje. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi kuliko pointi chache za kupoteza, kwa sababu mkono ukishajifunza kujizuia, kuufundisha kuachia tena ni kazi ya miezi.

Na kwa nini wenzako wote wanasema kaboni? Kuna historia. Kabla ya 2008 wachezaji walipaka gundi zenye viyeyusho zilizoivimbisha sponji na kuifanya raba iruke, na mti mtupu ulitosha kabisa. Gundi hizo zikapigwa marufuku mwaka huo kwa sababu ya afya. Mpira wenyewe ulikuwa umeshakua kutoka milimita 38 hadi 40 mwaka 2000, na kuanzia 2014 seluloidi ikaanza kupisha plastiki, mpira ambao wachezaji wengi wanaona unazunguka kidogo kuliko ule wa zamani. Kila badiliko lilipunguza kitu, na wachezaji wa juu wakakirudisha kupitia raba mpya na nyuzi ndani ya ubao. Kwao ni sahihi. Wanafanya mazoezi kila siku na mapigo yao ya kati yana nguvu kuliko mapigo yetu makali. Ubao unaowafaa wao umetengenezwa kwa nguvu hiyo ya kati.

Kabla hatujafika kwenye uchaguzi wako, nina mashaka na jaribio lako. Uliazima raketi, hukuazima ubao. Raba za mwenzako huenda ni mpya kuliko zako, au sponji yake ni ngumu au nene zaidi. Sheria inaruhusu raba na sponji na gundi yake kufika milimita 4.0, na tofauti ya sponji ya 2.0 na ile nene kabisa unaisikia mara moja. Raba ndiyo inayoamua mengi kwenye mapigo mepesi, na hayo ndiyo yaliyokusumbua. Inawezekana kabisa nusu ya ulichokilaumu kwenye ubao kilikuwa raba. Jaribio la haki linataka raba zilezile zihamishwe kutoka ubao mmoja kwenda mwingine. Gundi za maji za siku hizi zinabanduka bila tabu, kwa hiyo ni kazi ya jioni moja. Safisha gundi ya zamani vizuri. Tabaka nene la gundi linalainisha mguso na kukuharibia ulinganisho.

Kisha usianze na topspini kwa topspini. Kila ubao wa kasi unapendeza hapo, na dakika ishirini za mwanzo ndizo zenye uongo mwingi, kwa sababu upya wenyewe unafurahisha. Anza na mpira mfupi: mwenzako atoe sevisi fupi zenye bekispini, wewe usukume mfupi. Hesabu mingapi inadunda mara mbili upande wake na mingapi inatoka mirefu ya kushambuliwa. Halafu topspini dhidi ya bekispini, pole, kati, kwa nguvu, na angalia kama mpira unatua mahali unapotarajia katika viwango vyote vitatu. Halafu bloki. Topspini kwa topspini iwe ya mwisho. Rudia siku nyingine ukiwa umechoka kidogo, maana ubao unaokufaa ni ule unaokuvumilia miguu ikiwa mizito. Mwombe mtu mwingine aangalie mipira inatua wapi na asikuambie hadi mwisho.

Vilevile jiulize pointi zako zinafia wapi. Kama topspini zako dhidi ya bekispini zinaishia kwenye neti, ubao wa kasi hautakuokoa. Kwa kawaida ni miguu iliyochelewa au mkono usioanzia chini. Kama mpinzani anarudisha kila unachopiga bila taabu, angalia kwanza mahali unapoelekeza mpira. Lakini kama umerudi hatua mbili nyuma ya meza, umepiga kwa mwili wote, umegusa vizuri, na mpira bado unatua katikati ya meza bila uzito, hapo ubao wako wa ALL+ kweli umefika kikomo. Hiyo ndiyo dalili ninayoiheshimu.

Wewe unasema unacheza karibu na meza, kwa hiyo huenda huipati dalili hiyo mara nyingi. Hata hivyo mwaka wa nne na mazoezi ya mara tatu kwa wiki vinatosha kupanda ngazi moja. Moja, si tatu. Kama ni mimi, ningebaki kwenye tabaka 5 za mti mtupu, nikaenda daraja la OFF- au OFF ya chini, juu iwe limba, unene kati ya milimita 5.7 na 6.0. Korbel ya Butterfly na Sweden Extra ya Yasaka ni mifano inayojulikana ya familia hiyo. Utapata kasi zaidi kwenye pigo la kati, na mkono wako utaendelea kupata habari. Ngazi hiyo inaweza kukutosha kwa miaka.

Kama unahisi wewe ni mtu wa kupiga bapa na kubloki zaidi ya kuzungusha, tabaka 7 za mti mtupu zinakufaa zaidi. Clipper ya Stiga ni mfano wa zamani ambao bado unachezwa. Pigo lake ni nzito na lina uhakika, ila kwenye topspini ya pole haukupi msaada ule wa limba ya tabaka 5. Na kama baada ya majaribio moyo bado uko kwenye nyuzi, nenda kwenye zile zilizokaa karibu na kiini, kama Innerforce Layer ALC (ALC ni arileti na kaboni), na uchukue raba ya bekihendi yenye sponji laini kidogo kuliko ya sasa. Kaboni ya nje iache kwa mwaka mwingine.

Uzito uutazame kwa raketi nzima. Raba moja ya kisasa ikishakatwa hufika gramu 45 hadi 50, zidisha mara mbili. Ubao wa gramu 85 hadi 88 utakuweka kwenye gramu 180 hivi, kiwango ambacho watu wazima wengi wanakimudu. Ukipita 190 utaanza kuchelewa kwenye bekihendi kabla hujagundua sababu. Mpini chagua ule unaofanana na wa sasa, uwe mnyoofu au unaopanuka chini, kwa sababu ukibadilisha mpini na ubao kwa pamoja hutajua kipi kimekubadilishia mguso.

Hamisha raba zako za sasa kwenye ubao mpya, usinunue mpya siku hiyohiyo. Cheza nazo hadi zichakae, ndipo ufikirie raba. Na ule ubao wa ALL+ usiuuze. Ufunge raba za akiba, uuweke kwenye begi, na siku bloki zako zitakapoanza kuruka nje bila sababu, cheza nao seti mbili. Zikiendelea kuruka, ubao mpya hauna hatia, na cha kutazama ni pembe ya raketi yako.